Shajara ya mradi: uwanda ulio nyuma ya tuta, hori (mkono wa bahari) la Tudor, Mombasa

Jumatatu, mwezi pili (siku ya pili tangu mwezi kuandama), bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu)

Msimu umeanza kwa kuhesabu maiti. Uwanda ulio nyuma ya tuta ulipandwa mikoko na kundi la wageni kabla sijajiunga na kituo cha utafiti kama mjitoleaji. Walipanda kwa safu, kamba imenyooshwa, mabango yameinuliwa, picha zikapigwa. Kilichobaki ni vijiti vya kijivu. Ukikivuta kimoja kinatoka bila ubishi, na chini hakina mzizi wa kuitwa mzizi.

Maji yamekupwa saa nne na nusu, kwa hiyo mashua iliondoka kituoni saa moja, wakati bado kuna kina cha kutufikisha. Mjitoleaji mgeni huchukua muda kuzoea kwamba ratiba haitoki ofisini. Ukichelewa kidogo unaikuta mashua imekaa juu ya tope, na ukishafika kule huondoki mpaka maji yarudi. Tulirejea alasiri, mahamri ya asubuhi yameshasahaulika tumboni.

Nahodha wetu amevua katika hori hili tangu utotoni. Alisimama katikati ya zile safu akatikisa kichwa. "Mkoko wataka maji kila siku, mwanangu. Hapa wameufungisha saumu isiyo na futari."

Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko na kila mmoja una mtaa wake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukipigwa na kila maji. Nyuma yake ndipo mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao. Halafu muia na mkandaa, na karibu na nchi kavu mchu, unaovumilia chumvi kuliko yote. Lamba jani lake juani utaamini. Mchu huo huo unaukuta tena kule mbele karibu na mlilana. Mti huo haukubali kupangiwa.

Sasa kwa nini kila mtu hupanda mkoko, hata pasipo pake? Kwa sababu ni rahisi. Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, inarefuka, inachongoka, na inapoiva hufanya pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Unaiokota, unaichomeka kwenye tope, umemaliza. Mgeni wa nusu siku anaweza kupanda mamia na nguo zake zisichafuke sana. Mchu unataka kuloweshwa kwanza mpaka uvue ganda lake, na mlilana ndiyo kabisa, vijimbegu vidogo vya kupepesuka. Hakuna anayekuja na bango kwa ajili ya hivyo.

Alhamisi, maji kupwa saa saba kasoro

Leo tumepima kimo cha ardhi. Kuna vyombo vya setilaiti vya kufanya kazi hii, lakini bei yake ingemaliza fungu letu lote, kwa hiyo tumetumia mpira wa maji, ule mafundi wa ujenzi wanaotumia kusawazisha msingi. Mmoja anashika ncha kwenye kigingi cha rejea, mwingine anatembea na ncha ya pili, mnasubiri maji ndani ya mpira yatulie, mnasoma rula pande zote mbili. Adui ni kiputo cha hewa. Kiputo kimoja kikijificha katikati ya mpira, vipimo vyote vinakuwa vya uongo na hutajua. Kwa hiyo kabla ya kila kituo tunainua ncha mbili pamoja, bega kwa bega, kuhakikisha maji yanalingana. Wanafunzi wawili waliojiunga nasi wiki hii waliona tunapoteza wakati. Mpaka kiputo kikapatikana.

Nilitarajia tutakuta uwanda umeinuka mno, kwamba maji hayafiki kwa sababu ya kimo. Sivyo. Ardhi ya nyuma ya tuta iko sawasawa na ile ya upande wa pili ambako mchu umesimama kijani kibichi, umezaa, na chini yake miche imejaa. Tofauti haifiki upana wa kiganja. Kati ya msitu na jangwa kuna tuta tu.

Daktari (ndivyo tunavyomwita mtafiti mkuu, na hapendi) alizisoma namba mara mbili, kisha akauliza swali moja: "Chumvi je?" Tulichimba vishimo, tukasubiri maji yajitokeze, tukatia tone kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi. Maji ya bahari huwa kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Haya yalikuwa zaidi ya mara mbili. Yale maji machache yanayovuka tuta kwenye bamvua kubwa hukwama humo, jua linayakausha, chumvi inabaki. Bamvua inayofuata inaongeza nyingine.

Jumanne, maji mafu

Maji mafu ni siku za ndani. Hayajai sana wala hayakupwi sana, kule uwandani hakuna la kufanya, kwa hiyo tunalipa madeni: kuosha vyombo, kukausha udongo, kuingiza namba kwenye kompyuta.

Sampuli za udongo zinakaa kwenye tanuri kwa nyuzi 60 mpaka uzito uache kupungua. Kazi yangu ni kuzipima, kuzirudisha, kuzipima tena. Chumba kinanuka kama yai lililooza. Ni salfa ya tope lisilo na hewa, na baada ya muda pua inaacha kulalamika, ingawa abiria wa matatu jioni hawaachi. Kwenye matatu ya Mishomoroni nimeshapewa kiti kizima peke yangu. Wageni hudhani kaboni ya mikoko iko kwenye miti. Sehemu kubwa iko chini, kwenye tope, ambako majani na mizizi huoza polepole mno kwa kukosa hewa. Ndiyo maana tunabeba bomba la chuma zito kulizamisha ardhini badala ya kuzungushia miti utepe na kurudi nyumbani.

Utepe nao tunauzungusha. Mchu unapimwa shina kwenye kimo cha sentimita 130. Mkoko ni kesi nyingine, kwani mizizi yake inaweza kuanzia juu ya kichwa chako. Hapo unapanda, unatafuta mzizi wa juu kabisa, unaongeza sentimita 30, ndipo unapima. Siafu wanajua unapokuja.

Mchana nilikwenda kitaluni kumsaidia Bi Mkubwa, anayesimamia miche na sisi sote. Zamani walitumia mifuko ya plastiki iliyonunuliwa. Sasa ni pakiti za maziwa zilizooshwa, zikatobolewa chini, zikajazwa tope. Ana miche ya mchu iliyojipanga kivulini na hairuhusu mtu aiguse kabla ya kuuliza. Nilimuuliza lini tutaipeleka uwandani. "Uwanda gani? Ule wa kuulia watoto wa watu?" Akaendelea kutoboa pakiti.

Kwa wanaouliza: hatulipwi mshahara. Kituo kinatoa nauli na chakula cha mchana, na chakula cha leo kilikuwa wali wa nazi na mbaazi, sina malalamiko.

Jumanne, mwezi kumi na saba, bamvua

Tulitaka kujua maji yanafika wapi hasa kwenye bamvua, si kwa kukisia. Mpango wa kwanza ulikuwa kupaka chaki kwenye vijiti. Maji yanaifuta mpaka yalipofika, unasoma. Mvua za kwanza za masika zikaufuta mpango. Kila kijiti kilikuwa safi juu hadi chini.

Nahodha ndiye aliyeleta vichupa. Ni vichupa vya dawa ya kikohozi, vimefungwa kwenye kijiti ngazi kwa ngazi, kila kimoja kina kifuniko na tundu ubavuni chini ya bega. Mvua haiingii kwa sababu ya kifuniko. Maji yakipanda hadi tunduni, kichupa kinajaa na hakimwagiki yakishuka. Kesho yake unahesabu vilivyojaa tu. Daktari alipoviona alicheka sana, kisha akaagiza vingine.

Tuliviweka jana asubuhi. Jioni, mnamo saa kumi na moja, maji yalipojaa, tulisimama juu ya tuta lenyewe kuangalia, mbu wakitukaribisha. Upande wa bahari maji yalipanda kimya kati ya mizizi, yakaleta chupa ya soda, nazi, na kandambili moja ya kushoto. Yakafika kwenye tuta, yakalilamba, yakasimama. Penye kijipito kimoja tu yalipenya mkondo mwembamba. Leo asubuhi vichupa vya upande wa mchu vimejaa ngazi tatu. Vya upande wetu, vikavu vyote isipokuwa viwili karibu na kile kijipito.

Ijumaa, baada ya sala

Baraza na wazee pamoja na kina mama wanaookota chaza na tondo. Tuta lilijengwa na nani? Kila mtu ana jibu lake, na yote yanakubaliana kwamba ni la zamani, lilikuwa njia ya kutolea boriti wakati ukataji ulikuwa biashara ya wazi. Mzee mmoja alitutajia saizi za miti kama anasoma tasbihi: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba za Mji wa Kale, alisema, vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Tulipoteza nusu saa nzuri hapo na siijutii.

Leo njia hiyo ndiyo ya mkato kwenda penye madau. Kwa hiyo hatuwezi kuliondoa tuta. Mama mmoja alituuliza bila kuzunguka: "Mwataka tupite wapi na ndoo kichwani, tuogelee?" Tumekubaliana kukata nafasi tatu na kuweka vidaraja vya mbao juu yake, pana kiasi cha watu wawili kupishana. Mahali pa kukata wamechagua wao, kwa kuwa wanajua maji yalikuwa yakipita wapi. Ramani yetu ya vimo imeafiki nafasi mbili kati ya tatu. Ya tatu tumeichukua kwa neno lao.

Barua ya kibali imeshapelekwa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na hata kuchimba mfereji wa kuiponya hakufanywi bila ruhusa.

Jumapili

Mvua usiku kucha. Mto Kombeni, unaomwaga maji horini mwetu, umeleta maji ya rangi ya chai ya maziwa na kila kilichotupwa kando yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017 na kweli imepungua. Chupa hazikupewa marufuku hiyo. Nahodha anasema hii si kitu, tungeona El Nino ya 1997 na 1998, ilipoteremsha udongo mpaka mikoko ikafunikwa pumzi ikafa imesimama, hasa huko Mwache. Mizizi inayochomoza juu ya tope ndiyo inayovuta hewa. Ikifunikwa, mti unakufa polepole na majani bado yapo juu.

Tumefunga kazi mapema.

Jumatano, mwezi pili, bamvua

Kibali kimefika, tumechimba. Vijana wa mtaa walikuja na majembe, makarai na redio. Tope la tuta ni gumu juu, chini ni kama uji ulioganda, na ukilifungua linatoa ile harufu yake ya salfa mpaka wapita njia wanaziba pua. Karai linapita mkono kwa mkono, anayeteleza anachekwa, anayecheka anateleza. Udongo hatukuutupa pembeni ya mfereji, la sivyo tungejenga tuta jipya. Tumeubeba hadi nchi kavu, na hiyo ndiyo iliyotumaliza migongo.

Daktari alikataa tuchimbe kwa kina tulichokitaka. Mfereji mrefu kwenda chini ungekausha uwanda kila maji yanapokupwa na kubomoa kingo. Alishika mpira wa maji mwenyewe, akapima, akasema hapa basi. Kijana mmoja hakufurahi kwa kuwa alikuwa amechemka. Mkato wa tatu, ule wa neno la kina mama, ulipofikia kimo tulikuta chini yake mchanga laini na makombe. Mkondo wa zamani ulikuwa hapo hapo.

Upande mmoja wa uwanda, kaskazini, tumeuacha umezuiwa na kijituta kidogo, ili tuwe na mahali pa kulinganishia. Fundi wa mbao aliweka vidaraja kabla ya magharibi. Mama wa ndoo alivuka wa kwanza, akaruka juu ya ubao mara mbili kuupima, akaenda zake.

Jumamosi, maji kupwa saa saba

Siku ya wageni. Kampuni imetaka kupanda miche, wafanyakazi basi zima, fulana mpya, bango. Waliambiwa wafike saa mbili kwa sababu ya mashua. Walifika saa nne. Mashua ilikuwa imeshakaa kwenye tope na nahodha ameshalala ndani yake kofia usoni. Wakapita kwa miguu juu ya tuta, viatu vyeupe na yote.

Kiongozi wao aliuliza watapanda miche mingapi. Daktari akasema hakuna. Ikafuata kimya fulani. Kisha akawapeleka hadi kwenye vijiti vya kijivu, ambavyo tuliviacha makusudi, akawaambia hii ndiyo siku kama hii ya kundi jingine. Akawaonyesha mkato, akaeleza kwamba Mombasa ina hekta 3,771 za mikoko kati ya 61,271 za Kenya nzima, sehemu kubwa ikiwa Lamu, na kwamba zetu zimebanwa na mji kila upande. Mbegu zipo, zinaelea mle mle horini kila msimu. Zinachokosa ni mlango.

Sitasema wote walishawishika. Wawili walirudi kwenye basi wakawasha kiyoyozi. Lakini wengi walifanya kazi tuliyowapa: kuokota chupa na nyavu zilizokwama kwenye midomo ya mikato, kwa sababu takataka zikijazana hapo maji yanazibika tena. Dada mmoja wa idara ya hesabu alijikuta anashindana na vijana kubeba makarai na akawashinda. Fulana yake haitarudi kuwa nyeupe. Picha zilipigwa hata hivyo, na bango likasomeka vilevile: siku ya kupanda mikoko.

Alhamisi, mwezi pili, bamvua

Vichupa vya ndani vimejaa ngazi mbili karibu na mikato yote mitatu. Kwenye kona ya mbali bado vikavu. Kule kaskazini tulikozuia, vikavu vyote.

Chumvi imeshuka sana. Nilitaka kushangilia, Daktari akanizuia: masika imenyesha pande zote, na hata upande uliozuiwa chumvi imeshuka. Swali ni kama itabaki chini kusi likikolea na mvua zikikatika, na jibu halitapatikana kabla ya kiangazi. Ila kuna tofauti ambayo mvua haiwezi kudai. Ndani ya fremu zetu za mita 5 kwa 5, vile viwanja vya kuhesabia miche, karibu na mikato, kuna mbegu za mchu zilizoletwa na maji, zimeshavua ganda, zimefungua majani mawili mazito na kushika tope. Kaskazini hakuna hata moja. Na kaa wamerudi, wale wenye gando moja kubwa, wakilipunga kama wanamwita mtu wa ng'ambo. Mashimo yao yanaingiza hewa ardhini bila mshahara, sawa na sisi. Wale wakubwa wekundu pia wamerudi na wanakula mbegu. Bi Mkubwa amewaona na amekasirika, ila bado hataki kutoa miche yake. Anasema asubiri aone zinazobaki, kisha atajaza mapengo ya kona ya mbali kama maji yatafika huko.

Miche tunaigawa kwa kimo: chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, na juu ya hapo hadi mita 3. Yote yetu iko kundi la kwanza, na itakaa humo muda mrefu.

Jioni tumejaza fomu ya mfadhili. Ina safu ya "miche iliyopandwa" na tumeandika 0. Fomu ikarudishwa papo hapo, mtu wa upande wa pili akiuliza kama safu hiyo tumeisahau. Daktari ameijibu kwa kuambatisha picha za vichupa, ramani ya vimo na hesabu ya fremu, na kuomba safu nyingine iongezwe kwa miche iliyoota yenyewe. Bado hawajajibu. Mkato wa kati umeanza kumomonyoka ukingo wa kushoto, na kidaraja chake kimelegea upande huo. Fundi anakuja Jumamosi, na nahodha amesema mashua itaondoka saa mbili kamili, asiyekuwepo apite tutani.